Wiki saba Ahmedabad: tuliyoyaona, na deni tulilorudi nalo



Tangu turudi, wengi mmetusimamisha njiani, sokoni Kadutu na hata mlangoni mwa kanisa, mkituuliza: "Kule India mliishi namna gani?" Wengine mmeuliza swali la pili kwa sauti ya chini: "Na makuta ya chama yalienda wapi?" Maswali yote mawili ni ya haki. Leo tunayajibu pamoja, kwa sababu kwetu sisi ni habari moja.

Tulikwenda sisi wawili kumsindikiza mama mweka hazina wetu. Mgonjwa mwenye viza ya matibabu anaruhusiwa kusindikizwa na watu wasiozidi wawili, na kamati ilituchagua sisi: mmoja kwa sababu anajua Kiingereza kidogo, mwingine kwa sababu hapati usingizi mgonjwa akiwa macho. Mnajua ugonjwa wenyewe. Mlango mmoja wa moyo wake, ule ambao madaktari wanauita vali, ulikuwa umekakamaa. Alikuwa hawezi tena kupanda kilima cha Kadutu bila kukaa chini mara tatu. Daktari wa hapa kwetu Bukavu alisema wazi kwamba bila kupasuliwa hataona mwaka mwingine.

Tulivuka mto Ruzizi, tukapanda basi mpaka Kigali, tukaruka mpaka Addis Ababa, kisha Mumbai. Kwa wale watakaofuata njia hiyo, tunaanza na shauri moja: shikeni mkononi kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu anayetoka Congo bila kadi hiyo anaweza kuwekwa karantini siku 6. Mbele yetu kijana mmoja alikuwa ameiacha katika sanduku kubwa, na tulipotoka bado alikuwa amesimama pale na jasho linamtoka.

Kutoka Mumbai tulipanda treni. Ni karibu kilomita 500 mpaka Ahmedabad, na tulitumia zaidi kidogo ya saa 6. Mama mgonjwa alilala njia nzima kichwa kikiwa mapajani mwetu. Sisi tulikuwa tunahesabu: Bukavu mpaka Kisangani kwa barabara ni zaidi kidogo ya kilomita 600, na anayeondoka leo hakuna anayejua atafika siku gani. Tulinyamaza muda mrefu baada ya hesabu hiyo.

Ahmedabad ni mji wa zaidi ya watu milioni 8, katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Mto Sabarmati unaupita katikati. Upande wa mashariki ni mji wa zamani, ulioanzishwa mwaka 1411, wenye vichochoro vyembamba na nyumba za mbao zilizochongwa. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wa magharibi ni maghorofa, maduka ya vioo na hospitali kubwa. Ng'ombe wanatembea pande zote mbili, na hakuna anayewapiga. Pikipiki na oto za magurudumu matatu zinawazunguka tu, huku honi zikilia mfululizo kama vile dereva aliyenyamaza ametenda kosa.

Kitu cha kwanza kilichotufurahisha ni kuona wanawake wanaendesha pikipiki wenyewe. Wasichana wa chuo, mama aliyebeba watoto wawili, bibi mwenye miwani: wamejifunika uso wote kwa kitambaa na kuvaa glavu ndefu kwa sababu ya jua na vumbi, wamebaki macho tu. Kwetu sisi ni abiria wa motari. Tulitamani.

Kitu cha pili hakikutufurahisha. Tulitafuta chumba cha kupanga karibu na hospitali siku mbili. Kwa simu chumba kipo. Tukifika mlangoni, chumba kimepata mtu. Mwenye nyumba mmoja alisema anaogopa tutapika nyama. Mwingine hakusema sababu, alitutazama tu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Tulikumbuka Mcongo mwenzetu aliyepigwa mpaka kufa Delhi mwezi wa tano mwaka 2016 kwa ugomvi wa oto, na jinsi maduka ya Wahindi yalivyovamiwa Kinshasa baada ya habari ile. Na hapo Ahmedabad, mwezi mmoja tu kabla hatujafika, wanafunzi wa kigeni, Waafrika wakiwamo, walikuwa wamevamiwa bwenini usiku walipokuwa wakisali sala ya Ramadhani. Polisi walikamata watu. Lakini mtu anayetafuta nyumba hatembei na polisi.

Siku ya tatu mfagiaji wa hospitali, mwanamke, alitushika mkono akatupeleka kwa mjane mmoja mzee katika kichochoro cha nyuma. Kila mtu alimwita Ba, maana yake mama. Ba alituuliza maswali mawili tu kwa mkono na kwa maneno machache: mgonjwa ni nani kwenu? Mnakula nyama? Tukajibu kwamba mgonjwa ni dada yetu, na nyama tutaiacha. Akatupa ufunguo.

Sasa tuungame dhambi yetu. Katika sanduku letu kulikuwa na kilo mbili za sambaza wakavu wa ziwa Kivu, tuliowabeba kwa ajili ya mgonjwa. Siku ya pili tu Ba alisimama mlangoni akinusa kama mtu anayetafuta moshi. Nyumba yake haijaingia samaki wala yai tangu azaliwe. Hakutukana. Alikaa kwenye ngazi na kufunika pua kwa ncha ya nguo yake, akangoja. Tukatoka na mfuko wetu mpaka uani mwa hospitali, tukakutana na familia ya Watanzania kutoka Mwanza waliomleta baba yao. Waliwaona sambaza wetu wakapiga kelele ya furaha: "Dagaa!" Tuliwaachia wote. Kwa malipo walitucheka Kiswahili chetu kwa wiki nzima, na sisi tukacheka chao kilichonyooka kama hotuba ya redio.

Kuhusu lugha, wamama, tunataka mjue jambo hili. Watu wa pale wanasema Kigujarati, na wengi wanajua Kihindi. Tulidhani tutakuwa mabubu. Lakini siku ya kwanza muuguzi alisema neno moja likatushtua: dawa. Kidogo tu wanalitamka tofauti. Tukaanza kusikiliza vizuri. Chai ni chai. Chapati ni chapati. Duka wanasema dukan, gari wanasema gadi, kitabu ni kitab, dunia ni duniya. Na laki ni lakh, yaani 100,000, na hili tulilisikia zaidi ya yote pale dirishani pa kulipia. Maneno mengine yametoka kwao yakaja kwetu kwa majahazi ya biashara, mengine sote tuliyapata kwa Waarabu. Kila mwanamke pale anaitwa ben, yaani dada, na mwanamume anaitwa bhai, yaani ndugu. Baada ya wiki moja hata muuza nyanya alikuwa akituita ben. Salamu yao ni "Kem cho?", na jibu ni "Majama". Mama mweka hazina alijifunza jibu hilo kabla ya upasuaji, na alilisema kwa daktari hata siku ambayo hakuwa mzima kabisa.

Alipasuliwa asubuhi ya siku ya kumi. Walibadilisha vali, wakaweka ya chuma. Tulikaa uani chini ya mwarobaini pamoja na familia nyingine: Wagujarati kutoka vijijini wenye sufuria zao, Mwarabu mmoja na mtoto wake, wale ndugu zetu wa Mwanza. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vizuri, lakini kila mlango ulipofunguliwa wote tulisimama. Saa 9 mchana tuliambiwa moyo wake unapiga wenyewe. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa karibu nasi alitutia sukari mdomoni. Ndivyo wanavyopokea habari njema.

Habari mbaya ilikuja siku mbili baadaye. Damu ilikataa kusimama, wakamrudisha ndani, na akakaa siku nne zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuna aliyekosea, madaktari walikuwa wametuambia tangu mwanzo kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Lakini kila siku ya chumba kile ina bei. Fakture ilizidi makuta tuliyokuja nayo kwa dola 1,150.

Ndipo usiku ule tulipowapigia simu. Mnakumbuka. Kamati iliamka, na asubuhi mkatuma makuta yote yaliyokuwa katika sanduku la minervali, makuta ambayo kila mama alikuwa ameyaweka kidogo kidogo kwa ajili ya shule ya mwezi wa tisa. Mama mweka hazina ndiye aliyekuwa ameyahesabu na kuyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hatukumwambia mpaka aliposhuka kitandani. Alipojua alilia, na hakulia kwa furaha. Alisema: "Mmenifanya niwe mwizi wa watoto." Maneno hayo yalitusindikiza kila siku tuliyobaki Ahmedabad, na ndiyo yaliyotufanya tuanze kuangalia mji ule kwa macho mengine.

Karibu na nyumba ya Ba kulikuwa na soko la njiani. Wamama wamekaa chini, wametandika gunia, mbele yao vitunguu, bamia, biringani, pilipili. Ungeweza kusema ni Nyawera. Tofauti ya kwanza: kwenye kikapu cha kila mmoja kulikuwa na kibao kidogo chenye alama za miraba, na mnunuzi anakielekezea simu yake, analipa hata rupia 20. Sisi wageni tusio na akaunti ya benki ya pale tulilipa kwa noti, na mara nyingi tulikosa chenji. Tofauti ya pili tuliiona siku polisi walipopita. Kwetu polisi wakipita, mama anakunja gunia lake na kukimbia, nyanya zinabaki zinapondwa. Pale mama aliyetuuzia mboga kila siku alitoa karatasi kifuani, akaionyesha bila kusimama, akaendelea kupima bamia.

Tulimuuliza, mjukuu wa Ba akatutafsiria. Alisema yeye ni mwanachama wa SEWA.

SEWA ni chama cha wanawake wanaojiajiri wenyewe. Kilizaliwa Ahmedabad. Mji ule ulikuwa na viwanda vikubwa vya nguo, na wafanyakazi wake walikuwa na chama chao tangu wakati wa Gandhi. Lakini wanawake waliobeba marobota ya nguo kichwani sokoni, waliookota makaratasi, walioshona nyumbani, waliouza mboga, hawakuwa na chama kwa sababu hawakuwa na tajiri aliyewaandika kazi. Mwanasheria mmoja, mwanamke aliyeitwa Ela Bhatt, aliwakusanya. Mwaka 1972 waliomba kuandikishwa kama chama cha wafanyakazi. Serikali ikawauliza: mtagombana na nani ikiwa hamna tajiri? Wao wakajibu kwamba hawakuja kugombana, wamekuja kuwa pamoja. Mwishowe waliandikishwa.

Mwaka 1974 wakaanzisha benki yao. Wanawake 4,000 walitoa kila mmoja rupia 10. Wengi hawakujua kusoma wala kutia sahihi, kwa hiyo kitabu cha akiba kiliwekwa foto ya mwenye akiba. Ela Bhatt alifariki mwaka 2022, na chama chake leo kina wanachama zaidi ya milioni 2 katika India nzima. Ile karatasi ya muuza mboga nayo ina historia. Wauzaji wa njiani walipigana miaka mingi, walifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi. Mwaka 2014 India ilipata sheria inayowalinda: kila mji uwe na kamati ya wauza barabarani, wauzaji wenyewe wawe angalau asilimia 40 ya kamati hiyo, na theluthi ya wauzaji hao wawe wanawake. Muuzaji haondolewi kabla ya kuhesabiwa, na akihamishwa apewe taarifa ya siku 30. Mama yule alituambia kwamba sheria haitekelezwi kila mahali, na polisi wengine bado wanataka kitu mkononi. "Lakini zamani nilikuwa nakimbia," alisema. "Sasa nabishana."

Kisha tukamweleza shida yetu: mgonjwa, fakture, sanduku la minervali. Alitusikiliza, akauliza kitu kimoja: "Hamna vimo?" Hatukuelewa. Mjukuu wa Ba akatafuta neno la Kihindi: bima. Tukatazamana. Neno tulilijua siku zote! Limetoka kwao likaja kwenye Kiswahili chetu, sisi tunalisoma kwenye karatasi za magari, tukadhani ni jambo la wenye magari. Wamama wa SEWA wana bima yao tangu mwaka 1992. Muuza mboga anatoa kiasi kidogo kila mwaka, na akilazwa hospitali anarudishiwa sehemu ya gharama. Makuta ya bima yana sanduku lake. Ya akiba yana sanduku lake. Ya mkopo yana lake. Hayachanganywi.

Mama alisema jambo hilo huku anafunga vitunguu vyetu kwa gazeti, na sisi tulisimama pale kama watoto waliokamatwa. Likelemba yetu ni nzuri, wamama. Imesomesha watoto na kuezeka nyumba. Lakini tuliweka mayai yote na kuku mwenyewe katika kikapu kimoja.

Tarehe 7 Mei watu wa Gujarat walipiga kura. India ilichagua wabunge kwa awamu 7, kuanzia tarehe 19 Aprili mpaka tarehe 1 Juni, kwa sababu walioandikishwa walikuwa karibu milioni 970. Waziri Mkuu Narendra Modi ni mtu wa Gujarat na alipigia kura palepale Ahmedabad, kwa hiyo barabara zilijaa askari tangu alfajiri. Ba alivaa nguo yake nyeupe, akaondoka saa 1 asubuhi kabla ya jua kali. Alirudi na wino kwenye kidole cha mkono wa kushoto, akatuonyesha kwa fahari. Nao wanapiga kwa mashine, kama sisi tulivyopiga tarehe 20 Desemba 2023. Tulimweleza kwamba sisi pia tulipakwa wino, lakini ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kwa sababu ya vita. Ba alifikiri, akasema kwamba mwaka 2002 hata kichochoro hiki kilifungwa siku nyingi, watu waliuana kwa ajili ya dini. Katika jimbo zima walikufa zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu. Jirani yake rafiki, mwanamke Mwislamu aliyekuwa akimshonea nguo, alihamia upande mwingine wa mji na hakurudi tena. "Tunaonana kwenye arusi tu," alisema. Tangu wakati ule Waislamu wengi na Wahindu wengi wanaishi kila mmoja na kartiye yake. Sisi tunaotoka Kivu hatukuhitaji tafsiri ya maneno hayo.

Matokeo yalitoka tarehe 4 Juni, sisi tumekwisha kurudi. Chama cha Modi kilipata viti 240 kati ya 543, kwa hiyo kinatawala kwa msaada wa vyama vingine. Wanawake walioingia ni 74. Mwaka 2023 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwawekea wanawake theluthi ya viti, lakini itaanza kufanya kazi baada ya sensa na kugawa upya majimbo. Kumbe hata kule wanawake wanaambiwa: ndiyo, lakini ngojeni kidogo.

Baada ya uchaguzi lilikuja joto. Sisi tumezaliwa kando ya ziwa, mita karibu 1,500 juu, tunavaa sweta jioni. Wiki ya nne ya mwezi wa tano Ahmedabad ilipita digrii 45. Upepo ulikuwa kama wa tanuru ya mkate. Mwezi wa tano mwaka 2010 joto la namna hiyo liliua zaidi ya watu 1,300 katika mji ule. Kwa hiyo mwaka 2013 mji uliandika mpango wake wa joto, nao ulikuwa wa kwanza katika Asia ya Kusini. Watu wanaonywa kwa rangi: njano, machungwa, nyekundu. Bati za nyumba za maskini zinapakwa chokaa nyeupe ili jua lirudi lilikotoka. Njiani kuna mitungi ya maji ya bure, na kuiweka ni desturi ya zamani. Ba aliweka wake mlangoni, na kila asubuhi alitupa kikombe cha chaas, maziwa ya mgando yaliyokorogwa na maji, chumvi na jira. Mwarobaini na chaas ndivyo vilivyotulinda. Muuza mboga wetu aliendelea kukaa juani chini ya kipande cha turubai. Siku ya rangi nyekundu alifunga saa 5 asubuhi, na siku hiyo hakupata kitu. Hapo tulijua kwamba hata mwenye karatasi, benki na bima bado ana safari ndefu.

Jambo moja zaidi la pale: Gujarat pombe imekatazwa na sheria tangu mwaka 1960. Hakuna nganda hata moja barabarani. Tulimwambia Ba kwamba wamama wa kwetu wangehamia kesho. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatunong'oneza kwamba pombe ya magendo haikosekani, na inaua. Basi tukaondoa mizigo yetu.

Jumapili ya mwisho mama mweka hazina aliweza kutembea. Tulimpeleka polepole kuona msikiti wa Sidi Saiyyed katika mji wa zamani. Ulijengwa karibu mwaka 1573, na madirisha yake ni jiwe lililotobolewa kwa umbo la mti, matawi yanapindana kama uzi wa kusuka. Aliyeujenga alikuwa Sidi, mtu wa asili ya Afrika, kutoka upande wa Habeshi. Masidi wako Gujarat mpaka leo, vizazi vya Waafrika waliovushwa bahari, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia. Wanasema Kigujarati kama majirani zao. Lakini ngoma yao, mnajua wanaiitaje? Goma. Mama mweka hazina aliposikia alishika ukuta akacheka. "Basi," alisema, "hata huku tuna ndugu wa Goma." Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya fakture.

Tuliporudi kuaga, Ba hakukubali rupia za siku tatu za mwisho. Alitupa mfuko wa mikate myembamba ya njiani, isiyoharibika haraka, akamshika mama mweka hazina kichwani. Alitukumbusha pia, kwa kubana pua, tusilete samaki tukirudi. Tulicheka wote machozi yakitutoka.

Sasa hesabu, kama tulivyoahidi.

Mama mweka hazina yuko nyumbani. Anapanda kilima. Atameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi maisha yake yote, na atapimwa damu mara kwa mara. Sombe na lengalenga hakukatazwa, ila kipimo kiwe kilekile kila wiki, kwa sababu mboga za majani zikizidi ghafula zinapunguza nguvu ya dawa. Mnaomwalika chakula, msimlazimishe.

Daktari alitupa ujumbe kwa kila mama. Ugonjwa wa moyo kama wake mara nyingi unaanza utotoni, kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mtoto akiwa na homa na koo linamuuma kumeza, msiishie kwenye chumvi na maji ya moto. Mpelekeni kituo cha afya, na akipewa antibiotiki amalize zote hata kama amepona siku ya pili. Dawa hiyo ni franka chache. Vali ya chuma ni nyumba nzima.

Kuhusu dola 1,150: fakture na risiti zote ziko kwa katibu, kila mama aje azione. Wengine wamesema makuta yale yalikuwa ya watoto wote, yametumika kwa mtu mmoja. Wamesema kweli. Hatutaki kuwafunga mdomo kwa kusema "tuliokoa uhai". Uhai umeokoka, na mwezi wa tisa bado unakuja. Yote mawili ni kweli. Familia ya mama mweka hazina imekubali kurudisha dola 400 kabla ya shule kufunguliwa. Sisi wawili tunaongeza zamu zetu za likelemba za mwezi wa saba na wa nane. Sehemu inayobaki tunaomba tuijadili kwa uwazi, mchana, kila mtu akiwapo.

Na tunaomba jambo la pili lijadiliwe siku hiyohiyo: sanduku la tatu. Kila mama atoe franka 1,000 kwa mwezi, kwa ajili ya ugonjwa tu. Liwe na kitabu chake na funguo zake mbili kwa wamama wawili tofauti, na lisiguswe kwa arusi, kwa kilio wala kwa minervali. Halitatosha kumpeleka mtu India. Lakini litatosha kumpeleka mtoto mwenye koo kituo cha afya siku ileile, badala ya kungoja mpaka mwisho wa mwezi.

Mama mweka hazina ameomba jina lake liondolewe kwenye kazi ya hazina mpaka deni liishe. Sisi tumemwambia aje mkutanoni mwenyewe, aseme mbele yenu, na nyinyi mtaamua. Tumemtunzia kalamu yake.

Tutaonana Jumamosi, saa 8 mchana, mahali petu pa siku zote. Mubaki na amani.